Hiari Yashinda Utumwa

Krismasi ya mwaka 1971 ilinikuta nyumbani Mbeya, nikiwa likizo kutoka chuo cha ualimu. Zilipotufikia habari kwamba Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, ameuawa kwa risasi siku hiyo huko Isimani, hatukuamini. Aliyempiga ni mkulima, Saidi Mwamwindi, ambaye aliipeleka maiti mwenyewe polisi mjini Iringa, na baadaye akahukumiwa kunyongwa. Ugomvi ulikuwa juu ya shamba na ujamaa.

Chuoni tulifundishwa kuwa ujamaa haukutoka ng'ambo. Asili yake ni ukoo wa Kiafrika, ambamo mgeni hulishwa na kila mwenye nguvu hufanya kazi. Ndivyo Mwalimu Nyerere alivyoueleza mwaka 1962. Mwaka 1968, katika andiko lake la Uhuru na Maendeleo, alionya kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kujengwa kwa nguvu. Lakini mwaka 1973 kuishi vijijini kukatangazwa kuwa amri.

Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana mkoani Iringa. Nilipewa daftari niandike majina ya kaya za kuhamishwa, nami nililiandika kwa mwandiko mzuri. Mzee mmoja nilimwambia kwamba kuhama ni kwa faida yake. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, faida yangu waijua kuliko mimi?" Sikuwa na jibu. Jina lake nililiandika.

Sisemi kwamba vijiji havikuleta kitu. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza kutekelezwa mwaka 1977, watoto ambao zamani wangechunga ng'ombe tu walikaa mbele yangu wakisoma. Huo nao ni utu, nami nilikula mshahara wa kuutumikia.

Miaka ya themanini nikawa mwalimu mkuu. Darasa lilipobomoka niliwapelekea wazazi barua: kila kaya ilete matofali mia moja, asiyeleta atatozwa faini. Hakuna aliyeleta. Nikamkumbuka mzee yule. Niliitisha mkutano, nikaomba radhi, kisha nikauliza, "Ndugu zangu, tufanyeje?" Wakabishana hadi jua kuzama. Wiki iliyofuata wanaume walikuwa wakifyatua matofali na akina mama wakiteka maji. Darasa likasimama kabla ya mvua.

Watu walikuwa wale wale, na matofali yale yale. Kilichobadilika ni kwamba safari hii waliulizwa.

Katiba yetu hadi leo inaitaja nchi hii kuwa ya kijamaa. Vijana huniuliza kama ujamaa ulishindwa. Huwajibu kwamba undugu haujashindwa. Uendeni msibani mkauone. Kilichoshindwa ni kuuamrisha. Kiongozi anayetaka maendeleo ya watu na aanze kwa kuwauliza, naye awe tayari kusikia jibu asilolipenda.

Mzee yule alifariki zamani. Radhi yake sikuwahi kuiomba.