Usawa wa Kanuni za Hesabu Katika Jedwali

Kazi yangu ni ukarani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kupanga kwa kompyuta karatasi zitakazopigwa chapa. Watu wengi hudhani kwamba jedwali ni jambo jepesi: piga mistari, jaza maneno, basi. Ni kweli, maadamu ndani yake mna maneno na tarakimu tu. Likitiwa kanuni za hesabu, ndipo taabu inapoanza.

Mwaka jana jirani yangu, mzee mkulima, aliniletea karatasi aliyopewa ili imsaidie kupima tangi la maji alilokusudia kulijenga. Akaniuliza, “Mwanangu, mbona hesabu yangu na ya fundi hazipatani?” Nilipoitazama niliona sababu. Kanuni ya tangi la mviringo ilikuwa na πd²h juu ya kistari na 4 chini yake, lakini ile 2 ndogo ilikuwa imegusana na mstari wa jedwali hata haikusomeka. Tangi lenye kipenyo cha mita 4 na kimo cha mita 3 huchukua yapata lita 37,700. Ukiiacha ile 2 ndogo wapata lita 9,425 tu, yaani robo. Mtu aweza kununua simenti na kuchimba msingi kwa kosa la namna hiyo.

Asili ya kasoro hii yafahamika. Profesa Donald Knuth wa Marekani alianza kutengeneza programu ya TeX mwaka 1977, na katika miaka ya 1980 Leslie Lamport akajenga LaTeX juu yake. Katika kila safu ya kulala ya jedwali, LaTeX hutia nguzo isiyoonekana: sehemu saba katika kumi zi juu ya mstari ambao herufi hukalia, na tatu zi chini yake. Nguzo hiyo yatosha maneno. Lakini kanuni yenye kiasi juu na asili chini huipita. Hapo safu hurefuka kadiri ya kanuni yenyewe, wala haiongezewi nafasi tupu, na herufi hugusana na mistari.

Dawa yake ni nyepesi. Tia katika safu hiyo nguzo ndefu zaidi, au tumia nyongeza iitwayo cellspace, ambayo huweka nafasi juu na chini ya kila chumba. Kisha tazama vyumba jirani. Jina la umbo likiwa neno moja, liache lilivyo; kistari cha kanuni hukaa kimo kimoja na alama ya =, na jicho hupita bila kujikwaa. Maelezo yakiwa mistari mitatu, safu ya kusimama ya aina ya p hulinganisha mstari wa kwanza na kanuni, na mingine huning’inia chini. Aina ya m, ipatikanayo katika nyongeza ya array, hulinganisha katikati ya maelezo na kanuni. Mimi huchagua m, maana msomaji haulizi maneno yapi ni ya kanuni ipi.

Ndugu makarani, yafaa tuitazame kila karatasi kwa jicho la yule atakayeitumia shambani, ambapo hapana wa kumwuliza. Nafasi ndogo juu ya tarakimu haigharimu kitu. Tangi lililojengwa vibaya lagharimu mavuno ya mwaka.