Vita vya Mezani

Iko michezo ya kukimbia na michezo ya kuketi. Katika ile ya kuketi, nilioupenda kupita yote nilipokuwa mwanafunzi ni mchezo wa vita vya mezani. Si bao wala sataranji, ingawa una udugu na yote miwili. Wachezaji hutandaza juu ya meza mfano wa nchi: mchanga ulioshikwa kwa gundi huwa ardhi, unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani huwa nyasi, na ukanda wa karatasi ya buluu huwa mto. Askari ni visanamu vifupi kuliko kidole. Hatua zao hupimwa kwa futi kamba, na shabaha yao huamuliwa na dadu.

Mimi na binamu yangu tulichagua Vita vya Kagera. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania, yakateka nchi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, kisha yakavunja daraja la Kyaka. Tanzania ikayafukuza, ikavuka mpaka, na tarehe 11 Aprili 1979 ikautwaa mji wa Kampala. Katikati ya safari hiyo palikuwa na mapigano ya Lukaya, tarehe 10 na 11 Machi, katika barabara ipitayo kinamasini. Libya ilikuwa imemletea Amin askari na makombora. Siku ya kwanza Brigedi ya 201 ya Tanzania ilitawanyika. Usiku ikakusanywa upya. Siku ya pili Brigedi ya 208 ikamtokea adui kwa nyuma, na mambo yakageuka.

Binamu yangu alishika upande wa Amin, nami upande wa Tanzania. Dadu zilinikataa asubuhi nzima, hata nikaondoa nusu ya watu wangu mezani. Walakini nilikuwa nimeisoma historia, naye hakuisoma. Nilipoileta Brigedi ya 208 kutoka upande asioutazamia, niliruka kwa furaha.

Wakati ule ule aliingia jirani yetu, mzee mzaliwa wa Kagera, aliyekuja kumjulia hali baba. Tulimwamkia. Akaitazama meza kwa makini, akaitambua barabara na kinamasi. Kisha akaninyoshea kidole sanduku lililokuwa karibu nami.

"Hawa uliowaondoa, mwanangu, wamekwenda wapi?"

"Wamerudi sandukuni, mzee. Kesho watapigana tena."

Alinyamaza kitambo. Halafu akasema, bila ukali wowote, "Kaka yangu alijiunga na mgambo mwaka ule. Sisi wengine tulikwisha kuvuka mto kwa miguu, tukaacha migomba na ng'ombe. Tuliporudi, migomba tuliikuta. Yeye hatukumwona tena."

Akaenda zake kuzungumza na baba. Hakutukataza kucheza.

Usiku ule sikupata usingizi mapema. Kulipokucha nilimwambia binamu yangu kwamba nataka sheria mpya: kisanamu kitakachoanguka kisirudi mezani mpaka likizo iishe. Alicheka, akakubali. Kila mmoja wetu alianza na askari 60. Baada ya mapigano matatu mimi nilibakiwa na 23, naye 17. Hapo mchezo ukabadilika. Zamani nilikuwa nikitoa kikosi kizima kukamata kilima kisicho na faida, kwa sababu tu kilipendeza machoni. Sasa nilipima njia mara mbili kabla ya kumsogeza mtu mmoja. Binamu yangu, ambaye pupa ilikuwa tabia yake, aliziweka dadu chini akauliza kama inaruhusiwa kupatana.

Tukakifungua kijitabu chetu cha sheria. Zilikuwamo kurasa za mizinga, za vifaru, za mvua na za giza. Ukurasa wa kupatana haukuwamo. Ilitubidi kuuandika wenyewe, na ulituchukua muda mrefu kuliko mapigano yote matatu.

Msomaji kijana, sisemi kwamba mchezo ule ni mbaya. Ulinifundisha ramani, subira na historia ya majirani zetu. Lakini mchezo huhesabu walioshinda na walioshindwa, na hapo hesabu yake hukoma. Hesabu ya waliongojewa nyumbani wasirudi haikuwa mezani petu mpaka mzee yule alipoileta kwa swali moja.