Mgeni wa Siku ya Tatu

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo nimeifundisha kwa miaka mingi, na kila mara niliifafanua kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu. Mwaka jana, Septemba ilipokaribia kwisha na mawingu ya Agatasi, yaani majira ya mvua za kwanza, yalipoanza kutanda juu ya Ziwa Tanganyika, ndipo nilipofunzwa maana yake nyingine.

Nyumba yetu iko Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambamo Kiswahili kimesemwa tangu enzi za ukoloni. Tulimpokea kijana kutoka milima ya Kayanza, aliyekuja mjini kusomea ualimu wa Kiswahili, akae kwetu mwaka mzima wa masomo. Alibeba mkoba mmoja na kikapu cha maharagwe, zawadi ya mama yake.

Usiku wa kwanza, baada ya chakula, alisema kwa adabu: "Asante mama, nimekwisha kura." Wanangu wakaangua kicheko, mmoja akamwuliza alikuwa amempigia nani. Nami, badala ya kuwakanya, nilimsahihisha mgeni papo hapo, mbele ya wote. Nilidhani natimiza wajibu wangu. Kirundi hakitenganishi sauti za R na L kama Kiswahili kitenganishavyo. Hilo nalijua vyema, kwani nalifundisha darasani. Tangu saa ile kijana alijibu kwa kutikisa kichwa tu. Kesho yake alimnong'oneza mume wangu kwamba huenda akaomba kubadili somo.

Neno hilo liliniuma. Nilikuwa nimempa mgeni chumba, kitanda na chandarua, kisha nikamfunga kinywa.

Siku ya tatu mvua ilinyesha alfajiri. Sikumpa mimi jembe, aliliomba mwenyewe. Aliyachukua maharagwe yaliyosalia kikapuni, akaenda kuyapanda nyuma ya jiko. Wanangu, waliozaliwa mjini, hawakujua hata kina cha shimo. Akawaonyesha, akawaeleza kwa Kiswahili namna ya kufukia udongo, na kwa nini mbegu hazirundikwi pamoja. Alizungumza karibu saa nzima. R na L zilipishana, wala hakuna aliyecheka. Mdogo wao alimwuliza jembe kwa Kirundi huitwaje, akajibu, "Isuka." Mimi nilisimama mlangoni, nikanyamaza.

Walimu wenzangu, tangu siku ile naifafanua methali ile kwa namna nyingine: jembe humfanya mgeni kuwa mtu wa nyumbani, kwani aliye na kazi mikononi hupata na la kusema. Makosa yake tuliyarekebisha baadaye, daftarini, tukiwa wawili. Hakubadili somo. Maharagwe tuliyala mwezi wa Desemba. Aliposhukuru, L ilikuwa bado inamponyoka mara moja moja, nasi tukamwitikia: karibu.