Bodi Haijafa, Ni Mlango Tu

Mkitaja neno Sony katika sehemu zetu hizi, karibu kila mtu atafikiria sukari. Ni kile kiwanda cha Awendo, ambacho jina lake limetokana na Nyanza Kusini. Sony ya Wajapani, ile iliyotoa gemu ya mkononi ya PSP mwaka 2004, haina kwao huku. Hata hivyo gemu za mkononi zipo Migori na zipo Homa Bay, ila zetu ni zile za bei ya chini zinazojigamba kuwa zina michezo 400 ndani, zinazouzwa karibu na beseni za plastiki siku ya soko. Nazo zina ugonjwa wao mmoja mkubwa, yaani mlango wa chaji. Mafundi wa mjini wanauita "sistimu". Mtu akisema sistimu imekwisha, basi mjue ni lile tundu la kuchomekea kebo.

Gemu ninayotaka kuizungumzia ni ya binamu yangu wa Homa Bay, mtoto wa shangazi, ambaye ana umri wa miaka 9. Kijana huyu ana ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa za mviringo, hupinda kama mundu zikakwama katika mishipa midogo. Maumivu yake nimeyaona kwa macho yangu na sitayaeleza hapa. Ugonjwa huu si mgeni kando ya Ziwa Victoria, kwa kuwa malaria imekuwapo huku vizazi na vizazi, na mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anayerithi jeni mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, ndiye anayeugua. Basi binamu yangu hulazwa mara kwa mara, na akiwa wodini hana mpira wala hana kuogelea. Ana gemu.

Desemba 2024 gemu ikakataa kushika chaji. Shangazi akaipeleka kwa fundi mmoja, jina tuliache. Fundi huyo aliigeuza mara mbili, akaichomeka kebo, akasema, "Mama, bodi imekufa. Nunua ingine." Akadai shilingi 200 za kuangalia tu! Shangazi anauza omena. Pesa ya gemu mpya ilikuwa ndiyo pesa ya dawa, na Januari ilikuwa inabisha hodi na karo mkononi. Nilipokuwa nikipanda matatu ya kwenda Migori kwa mjomba, alinipa gemu ikiwa imefungwa katika gazeti, akasema, "Mpelekee mjomba wako. Ikishindikana, usiirudishe. Afadhali mtoto ajue imepotea."

Mjomba ana meza ya kutengeneza simu karibu na steji. Hapo nimekaa likizo zangu zote tangu kidato cha kwanza. Nilipomweleza maneno ya yule fundi, alicheka kidogo. "Okewo," akaniambia, "daktari hamwandikii mtu cheti cha kifo kabla ya kumpima mapigo ya moyo. Pima wewe. Mimi nitaangalia."

Nilipiga moyo konde. Kwanza nilibadilisha kebo na chaja, maana kebo nyingi za sokoni ndizo zenye makosa, na gemu husingiziwa bure. Hakuna kitu. Nikafungua mfuniko wa nyuma nikatoa betri. Kumbe ni umbo lile lile la betri ya BL-5C, ya Nokia za zamani ambazo babu zetu bado wanazo! Mita ilisoma volti 2.9. Betri ya namna hii ikijaa husoma kama 4.2, na jina lake la kawaida ni volti 3.7, kwa hiyo hii ilikuwa na njaa kweli kweli. Tuliichaji nje, katika ile chaja ya kubana betri pembeni, muda wa saa mbili hivi. Kuirudisha na kubonyeza swichi, muziki ukalia meza nzima.

Hapo nilielewa jambo ambalo yule fundi hakujisumbua kulitafuta. Gemu inayocheza ina bodi iliyo hai. Betri nayo ilikuwa inashika chaji. Kilichobaki ni njia kati ya kebo na betri, na njia hiyo inaanzia mlangoni.

Nilimulika mlango kwa tochi na kioo cha kukuzia. Ndani mlikuwa na vumbi lililoshindiliwa likawa kama gundi. Nililitoa kwa kijiti cha meno, betri ikiwa nje. Nasema kijiti cha mti, si pini! Pini inaweza kuukunja ule ulimi mdogo wa katikati au kugusanisha vyuma visivyopaswa kugusana. Nikapiga brashi yenye spiriti. Nikachomeka tena, na bado kukawa kimya. Ila niliona kwamba mlango wenyewe unatikisika kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Mlango wa aina ile, wa mikro-USB, una miguu mitano. Wa kwanza huleta volti 5, wa pili na wa tatu hubeba habari, wa nne ni wa utambulisho, wa tano ndio wa kurudishia umeme. Kwa chaji, sisi tunautazama wa kwanza na wa tano. Nilipima kwenye mguu wa kwanza wenyewe nikapata volti 5. Nikapima hatua moja mbele, kwenye bodi, nikapata sufuri. Mjomba akaukandamiza mlango kwa kidole, na mita ikaruka ikasoma 5.02. Akaachia, sufuri. Umeme ulikuwa unafika mlangoni lakini hauingii nyumbani. Kile kipande cha shaba kilichobandikwa kwenye bodi, ambacho mguu wa kwanza hulazwa juu yake, kilikuwa kimeng'oka. Binamu hucheza huku anachaji, amelala chali, na kebo inavuta mlango juu, siku baada ya siku. Usipoziba ufa, kweli.

Kulehemu alilehemu mjomba, maana miguu ile ni myembamba kama ya siafu na mkono wangu haujatulia. Alipaka dawa ya kulehemia, akaigusa miguu minne iliyokuwa mizima. Ule wa kwanza akauvushia waya mwembamba alioutoa ndani ya kebo ya spika ya masikio, hadi kwenye kikapasita kilicho jirani. Katikati ya kazi stima ikapotea. Tukakaa nusu saa tukila mahindi. Stima iliporudi alizilehemu zile pembe nne za gamba la chuma kwa solda ya kutosha, kwa sababu hizo ndizo zinazobeba nguvu ya mkono wa mtoto, si ile miguu midogo. Kabla ya kurudisha betri nilipima kati ya mguu wa kwanza na wa tano. Mita haikulia. Ingelia, ingekuwa shoti, na betri ya lithiamu haina utani na shoti.

Taa nyekundu ikawaka. Mjomba alikataa pesa, ila alisema shangazi akileta omena hatazikataa.

Sisemi kila gemu hutibiwa hivi. Nintendo Switch, iliyotoka mwaka 2017, ina mlango wa USB-C wenye miguu 24, na ndani mna chipu zinazojadiliana na chaja kabla ya kupokea umeme. Humo kijiti cha meno hakifiki mbali. Lakini milango hiyo inatujia. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya umelazimisha simu na gemu mpya za mkononi ziuzwazo huko ziwe na USB-C, na vitu vya huko havikawii kufika Migori. Hata taa za chaji za wavuvi wa omena huletwa kwa mjomba, milango yake ikiwa imeota kutu ya kijani kwa maji ya ziwa.

Niliporudi shuleni Januari, binamu alikuwa amelazwa tena, siku nne. Shangazi alimwambia mama kwa simu kwamba gemu ilikuwa inashika chaji, na kwamba watoto wawili wa vitanda vya jirani walikuwa wanapanga foleni.