Kwa nini nataka kununua Starlet ya mwaka 1992

Wadau, nianze na bei kabisa ili wenye haraka waondoke mapema: shilingi milioni nane na nusu. Kwa fedha hiyo hapa Dar unapata Vitz au Passo iliyotulia, yenye kiyoyozi kinachopuliza baridi. Mimi nataka kuitoa kwa Toyota Starlet yenye milango mitatu, namba A, rangi nyeupe iliyoanza kuwa kama maziwa ya jana. Gari lenyewe limenizidi umri.

Najua mnacheka. Hata kule chumba cha habari wamecheka, na mpiga picha wetu ameuliza kama nataka gari au nataka mgonjwa wa kuuguza. Lakini subirini kwanza niwaeleze hiyo ni Starlet ipi, maana si hizi tunazopishana nazo kila siku Tabata na Mbagala zikiwa zimepakia magunia ya mkaa.

Hiyo ni GT Turbo, ile wanaojua huiita EP82. Injini yake ni ya cc 1331, ndogo kuliko ya gari nyingi ambazo mabosi wetu huwapa wake zao za kwenda sokoni. Ila Toyota waliiwekea turbo, wakatoboa bonneti ili hewa ipite kupoza kile kinachoingia kwenye injini, na ikatoka kiwandani na nguvu za farasi 135. Uzito wake ni kilo 830 hivi. Pigeni hesabu: kila farasi anavuta kilo sita na kidogo. Harrier ya cc 2400, ile ambayo kila kijana aliyepata mkopo wa benki anaiwania, ina farasi 160 na uzito unaozidi tani moja na nusu, yaani kila farasi anavuta zaidi ya kilo tisa. Kwenye dashibodi ya hiyo Starlet kuna kitufe cha kuchagua presha ya turbo, ya chini au ya juu. Mtu aliyeketi kwenye meza ya uchoraji pale Japani alifikiri kwamba mnunuzi wa gari dogo kabisa la kampuni anastahili kitufe cha namna hiyo. Hilo ndilo linaloniua.

Na haikuwa Toyota peke yao. Miaka ile ya themanini hadi katikati ya tisini Wajapani walikuwa na fedha na walikuwa wanashindana kama watoto. Mwaka 1983 ilitoka Corolla ile ya AE86, Levin na Trueno, injini ya cc 1587 yenye kemshafti mbili na valvu 16, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Gari la kawaida kabisa la kijana wa kawaida. Mwaka 1989 Honda wakaja na VTEC, wakatoa farasi 160 kwenye injini ya lita 1.6 isiyo na turbo. Toyota hawakulala, mwaka 1991 injini ileile ya Levin ikawekewa valvu tano kwa kila silinda, nayo ikafika 160. Ulaya nako kulikuwa na Peugeot 205 GTI iliyotoka mwaka 1984, ingawa kule Uingereza mwanzoni mwa miaka ya tisini bima za gari hizo zilipanda mno kwa sababu ya wizi, vijana wakazikimbia.

Halafu kuna hii hadithi ambayo naona hatuisimulii vya kutosha huku kwetu. Safari Rally ya mwaka 1993, Toyota Celica zilishika nafasi nne za kwanza. Sawa. Lakini nyuma yao Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa 12 akiwa na Subaru Vivio. Vivio ni kigari cha cc 660, kile ambacho ukikiona kwenye maegesho unadhani ni cha kuchezea. Kilipita kwenye mawe na matope ambayo yaliwaacha wenye magari makubwa wakisubiri kuvutwa. Ningekuwa mhariri wa michezo mwaka ule ningeiweka ukurasa wa mbele.

Sasa nirudi kwa mwenye gari. Ni mzee mstaafu anayeishi Upanga, na amekuwa nayo tangu mwaka 1999. Mikanda ya viti ni yake, taa ni zake, hata kitabu cha maelezo cha Kijapani ambacho hajawahi kukisoma kimo kwenye droo ya mbele. Amenionyesha kila kitu taratibu kama mtu anayemtambulisha binti yake. Tatizo ni kwamba si mimi peke yangu niliyemfuata. Kuna vijana wawili walifika kabla yangu wakiwa na fedha mkononi, na walimwambia wazi kwamba wanataka injini na gia boksi tu wahamishie kwenye Starlet yao, bodi wataichinja wauze spea Ilala. Mzee aliwakatalia. "Kijana, mimi sijafuga ng'ombe hapa," aliwaambia. Amenipa hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo, anasema, uzee una mahitaji yake, na atakayekuja na fedha ataondoka na gari, alichinje asilichinje.

Na ukilikosa hilo, usidhani utaagiza jingine. Hizi gari zilikuwa za bei rahisi, ndiyo maana yake yote, lakini wakati huo umepita. Marekani wanaruhusu gari lolote la nje likishatimiza miaka 25, kwa hiyo la mwaka 1992 lilifunguliwa mlango mwaka 2017, na Wamarekani wakaenda Japani na dola zao. Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Sisi tunaruhusu, ila kuna ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya kodi nyingine zote. Sipingi ushuru huo moja kwa moja, nimeona magari yanayoshushwa bandarini mengine yanafaa kuwa mabanda ya kuku. Nasema tu kwamba yaliyopo nchini ndiyo yaliyopo.

Kuna jambo limeninyima usingizi, na si bei. Ninyi mnaosoma gazeti letu mnajua ninaandika habari za polisi. Nimesimama kandokando ya barabara ya Chalinze kwenda Segera zaidi ya mara moja nikihesabu viatu. Nimeandika sentensi ya "chanzo cha ajali ni mwendokasi" mara nyingi mno (neno ambalo Dar tangu mwaka 2016 limekuwa jina la basi, lakini hilo tuliache). Mtu wa namna hiyo anataka nini na turbo?

Mama aliniuliza hivyohivyo kwa simu kutoka Moshi, kwa maneno makali zaidi. "Mwanangu, wewe ndiye unayenitumia hizo picha. Halafu unataka kuingia humo humo?" Sikuwa na jibu la haraka. Gari hilo halina airbag hata moja. Mlango wake ukiugonga kwa kidole unalia kama debe. Nimeona magari ya umri huo baada ya kugongana, na sitawadanganya kwamba yanamlinda mtu kama haya ya sasa.

Nilichomjibu baadaye ni hiki, na ninakiamini. Nilipoliendesha barabara ya Ocean Road alfajiri ya Jumapili sikuvuka kilomita 50 kwa saa, na nilitabasamu njia nzima. Usukani unakuambia tairi limekanyaga nini. Klachi, gia, miguu, vyote vina kazi. Gari letu la ofisini, kubwa, jipya, kimya, linafika 120 dereva akiwa anasoma ujumbe wa simu, na hakuna anayeshtuka mpaka tochi ya trafiki itukamate pale Kibaha. Ninaogopa zaidi lile la ofisini.

Mama alikaa kimya, akasema: "Na kiwanja?" Hapo ndipo penye maumivu, maana fedha hizo nilimwambia ni za kiwanja cha Kigamboni, naye amekwisha wasimulia wanawake wa kanisani. Mshahara wa mwandishi wa habari mnaufahamu, kuzipata nyingine itanichukua miaka miwili, labda mitatu. Amesema hatanizuia. Amesema pia kwamba nikilinunua, nisimpelekee picha.

Jana nimempeleka fundi wangu wa Gerezani alikague. Amepima kompresheni silinda zote nne, zinalingana. Ameshika shafti ya turbo akaitikisa, inacheza kidogo. Mzee alikuwa amesimama pembeni na kikombe cha chai bila kunywa. Nimemwachia milioni mbili za kwanza, tumeandikishana mbele ya mjumbe. Fundi ameniandikia orodha: breki zote, mabomba ya mafuta, mkanda wa taimingi, tairi nne mpya na mikanda ya viti ikaguliwe. Turbo ameiweka mwisho kabisa, na amesema mpaka tufike hapo nisiguse kile kitufe.