Jembe la Siku ya Tatu



Ni mara nyingi tumeandika ubaoni ile methali isemayo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wanafunzi hucheka, nasi huwaeleza kwamba methali hiyo yamwonya mgeni asizoee kukaa bure akila jasho la wenzake. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa tulipokuwa tukisomea stashahada ya ualimu, na hivyo ndivyo tulivyofundisha mjini Bujumbura kwa miaka kumi na mitano. Ilitupasa kwenda kuishi katika kijiji cha Ufaransa ndipo tukatambua kwamba methali hiyo ina upande wa pili, ambao hatukuwahi kuueleza darasani.

Tulikaa huko tangu Septemba 2022 hadi Julai 2024, katika mkoa wa Dordogne, kusini-magharibi ya nchi. Mwenzetu wa nyumbani alikuwa amepata kazi ya uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, nasi tukaomba likizo isiyo na malipo tukamfuata. Kijiji chenyewe kilikuwa na kanisa la mawe, ofisi ya meya yenye bendera mlangoni, mnara wenye majina ya vijana waliokufa katika vita vya 1914–1918, ukumbi wa sherehe, na duka moja la mkate lililofungwa adhuhuri, kwa kuwa saa ya chakula huko huheshimiwa kama saa ya ibada. Kuzunguka hayo yote palikuwa na mashamba ya mahindi na mijozi, ile miti ambayo jozi zake zimeupatia mkoa huo sifa.

Wageni hatukuwa peke yetu. Walikuwako Waholanzi na Wabelgiji, na zaidi ya wote Waingereza, ambao kwa miongo mingi wamekuwa wakinunua nyumba kuukuu za Dordogne na kuzikarabati. Siku ya Ijumaa, sokoni Ribérac, mtu aliweza kununua jibini, vitunguu na kuku huku akisikia Kiingereza mbele na nyuma yake. Tuligundua kwamba hao huitwa kwa neno moja, na sisi tuliotoka Afrika kwa neno jingine lisilo na heshima kiasi hicho. Tulifurahi kwamba Kiswahili hakina ubaguzi huo: wao wageni, nasi wageni.

Katika jambo la salamu hatukukosea. Aingiaye dukani huko hana budi kuwaamkia wote waliomo kabla ya kutaja haja yake, na asiyefanya hivyo huonekana mtovu wa adabu. Mwalimu aliyezoea kusahihisha "shikamoo" na "marahaba" angeshindwaje? Tuliamkia, tukajibiwa kwa uchangamfu, kisha kila mtu akashika njia yake. Wiki zikapita, miezi ikapita; hakuna aliyebisha mlango wetu. Kwetu Buyenzi, mtu ahamiapo, majirani humwendea siku ileile: huyu na maji, huyu na moto, huyu na maswali. Basi tuliketi tukangoja hodi. Baridi ilipoingia na jua likawa linazama saa kumi na moja za jioni, tulianza kusema maneno mabaya juu ya watu wale. Tulisema kwamba wana moyo wa mawe kama nyumba zao. Mwenzetu aliporudi kazini usiku, alitukuta mara nyingi tukihesabu miezi iliyosalia.

Jirani yetu wa karibu alikuwa bibi mjane aliyepita umri wa miaka themanini na mitano. Kila asubuhi, saa mbili, alifungua mbao za madirisha yake, na sisi kutoka jikoni kwetu tulizisikia zikigonga ukuta. Asubuhi moja ya Februari 2023 hatukusikia kitu. Tulichungulia, tukaona madirisha yamefungwa. Tulijiambia kwamba labda amelala, labda amekwenda kwa mwanawe, na kwamba watu wa huku hawapendi kuingiliwa. Saa tatu ikapita, na saa nne. Ilikuwa saa tano tulipovuka njia na kubisha. Tukasikia sauti ndogo kutoka ndani.

Alikuwa ameanguka sakafuni jikoni tangu alfajiri, amevunjika nyonga. Tulipiga simu nambari 18, ya wazima moto, ambao Ufaransa huokoa wagonjwa pia, na ambao walio wengi ni watu wa kujitolea. Aliyefika wa kwanza alikuwa fundi aliyetutengenezea gari mwezi uliotangulia. Walimbeba kwa upole mkubwa. Sisi tulibaki jikoni mwake tukiitazama saa ya ukutani, na yale masaa matatu yalituelemea. Kwetu, jirani asiyeonekana mlangoni asubuhi huulizwa kabla chai haijachemka. Adabu yetu wenyewe tuliiacha kwa kudhani kwamba tunafuata ya wengine.

Tulikwenda kumtazama hospitalini Périgueux. Alitushukuru, kisha akauliza, "Mbona hamkunijia tangu mlipohamia?"

"Tulikuwa tukikungojea wewe, Bibi."

"Na mimi niliwangojea ninyi. Huku ahamiaye ndiye abishaye mlango kwanza. Nilidhani hamtaki kusumbuliwa."

Hivyo, kwa miezi mitano, nyumba mbili zilitazamana, kila moja ikimwona mwenzake mwenye kiburi, na kila moja ikishika adabu yake barabara.

Wiki iliyofuata tuliwaalika majirani jioni moja kabla ya chakula, kama wafanyavyo wao. Wao walikunywa divai na sisi maji ya zabibu, na hakuna aliyelijali hilo. Meya aliyekuja alitutajia kamati ya sherehe. Vijiji vingi vya Ufaransa huishi kwa vyama vya namna hiyo, vinavyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1901: chama cha wawindaji, cha wacheza karata, cha wazee, cha sherehe. Hakutualika kujiunga, alitaja tu kwamba mikutano hufanyika Jumanne. Safari hii tulielewa. Jumanne tulikwenda, tukaomba kazi. Usiku wa tarehe 14 Julai, siku ya taifa lao, tulikuwa nyuma ya ukumbi tukimenya viazi gunia zima.

Kando yetu alimenya Mwingereza mmoja mzee. Yeye aliwahi kuwa diwani wa kijiji, kwa maana sheria za Ulaya zilimruhusu. Nchi yake ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, yeye na wenzake mamia kadhaa walipoteza haki ya kugombea tena katika uchaguzi wa Machi mwaka ule. Tulimuuliza kama moyo haukumuuma. Alijibu kwamba ulimuuma sana. Lakini meza za ukumbi zilikuwa bado zahitaji kubebwa, na hakuna sheria iliyomkataza kubeba meza. Tuliwafahamu pia wananchi wenzake walioishi huko miaka ishirini wakialikana wao kwa wao, wakistarehe, na wakiendelea kuwa wageni wa siku mbili.

Ndipo tulipoisoma upya methali yetu. Kwetu mwenyeji ndiye mwenye jembe, naye humpa mgeni bila kuombwa, kufanya hivyo ni kumwambia, "Sasa u wetu." Kule jembe limeegemezwa ukutani, na mgeni sharti alitwae mwenyewe. Asiyejua hungoja mpaka azeeke. Tumerudi darasani na swali tusilokuwa nalo zamani, ambalo twawaachia wenzetu pia: tumfundishapo mgeni lugha, je, twamwonyesha na mahali jembe lilipo?

Bibi alirudi nyumbani mwezi wa Mei akitembelea fimbo. Kila saa mbili tulisikiliza mbao za madirisha. Hadi mwisho alituita kwa kile kiwakilishi cha heshima cha Kifaransa, nasi vivyo hivyo. Lakini siku ya kuagana alitumia neno la Kioksitani, lugha ya utotoni mwake, neno ambalo watu waliozoeana huambiana wakutanapo na hata waagapo. Alisema, "Adiu." Tukamjibu vilevile, kisha tukamfungia lango.