Mwenyeji wa Milimani Katika Mji wa Madras

Watu wengi wa Kenya wanaovuka bahari kwenda Bara Hindi siku hizi hawaendi kwa biashara wala kwa matembezi. Hupeleka wagonjwa wao. Ndivyo alivyokwenda mwenyeji mmoja wa Milimani, Nakuru, aliyekuwa karani katika machimbo ya mawe, pamoja na mkewe aliyetakiwa kupasuliwa moyo. Fedha zilitoka katika ekari mbili za shamba na harambee ya jamaa.

Mji waliouendea ni Chennai, ulioitwa Madras hadi mwaka 1996. Ni mji mkubwa mno, ulio kando ya Ghuba ya Bengali, na joto lake humsumbua sana mtu aliyezoea upepo wa Menengai. Bwana huyo alijua maneno machache ya Kihindi aliyoyaokota madukani Nakuru, lakini hayakumfaa kitu, maana wenyeji wa huko husema Kitamil.

Siku za kungojea zilikuwa nne. Siku ya pili bibi alimwambia, "Mzee, nenda ukatembee. Ukikaa hapa wanihesabia pumzi tu."

Basi akapanda basi hadi Mamallapuram, mwendo wa kilomita 60 hivi upande wa kusini. Huko wafalme wa Pallava walichongesha mahekalu katika karne ya 7 na ya 8. Matano kati yake yana umbo la magari ya kukokotwa, wala hayakujengwa: kila moja lilichongwa katika mwamba pale pale uliposimama. Hapo ndipo yule karani alipostaajabu kweli. Jiwe la Nakuru ni laini; likipasuka vibaya hutupwa, likachukuliwa jingine. Lakini hili ni itale, na mafundi walianzia juu wakishuka chini. Sikio la tembo likivunjika, litatoka wapi la pili? Tena hayo matano hayakumalizwa. Sehemu za chini bado ni mwamba mtupu.

Hekalu lililo ufuoni lilijengwa kwa mawe yaliyopangwa, nalo chumvi ya bahari imekula sura za mafahali wake. Tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi makuu, ambayo yalifika hata pwani ya Kenya siku hiyo hiyo, yalifagia mchanga hapo yakafunua mawe ya kale yaliyochongwa.

Mjini mafundi wangali wakichonga. Alimtazama mmoja kwa muda wa saa nzima, tindo mkononi, asiinue macho hata mara moja.

Jioni alimweleza mkewe hayo yote. Bibi akauliza, "Na mkono wake haukutetemeka?"

"Haukutetemeka."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama daktari naye ni mtu mzima au kijana.

Alipasuliwa asubuhi ya siku ya tano. Sasa yuko Milimani, hupanda mteremko kutoka mjini kwa miguu, akipumzika mara mbili njiani.